Ibrahimu Aliacha Kaburi, Sisi Tunagombea Mirathi

Ukitaka kumjua Ibrahimu, usianzie mlimani palipo na kisu. Anzia kwenye biashara. Sura ya 23 ya kitabu cha Mwanzo inasimulia mauziano ya kiwanja ambayo wahubiri wengi huyaruka, nami naona ndiyo yanayomfichua mzee huyu kuliko kisa kingine chochote.

Sara amefariki Hebroni akiwa na miaka 127. Mumewe ameishi zaidi ya miaka sitini akiahidiwa nchi nzima, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, na leo hana hata futi sita za kumlaza mkewe. Anakwenda kwa Wahiti, wenyeji wa pale, na kujitambulisha bila makuu: yeye ni mgeni na mpitaji kwao, anaomba auziwe mahali pa kuzikia. Efroni mwana wa Sohari anamjibu mbele ya watu wote waliokusanyika langoni mwa mji. Hapana bwana wangu, shamba nakupa, na pango lililomo nakupa, nenda kamzike maiti wako.

Aliyewahi kununua kitu Kariakoo au Kongowea anaijua lugha hii. "Chukua tu, kwani wewe si mtu wangu?" Jaribu kuchukua kweli uone kama hutafuatwa mpaka kituo cha daladala. Ibrahimu naye si mshamba wa mambo haya. Anainama kwa adabu na kung'ang'ania kulipa. Hapo ndipo Efroni anaipitisha bei kama mtu anayejikohoza: kipande cha ardhi cha shekeli mia nne za fedha, ni kitu gani kati yangu na wewe?

Mia nne. Yeremia, karne nyingi baadaye, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17. Daudi alilipa shekeli 50 kwa uwanja wa kupuria nafaka pamoja na ng'ombe. Mashamba hayalingani, na thamani ya fedha hupanda na kushuka, lakini bei ya Efroni inanuka msiba: mfiwa habishani bei. Ibrahimu anapima fedha yote mbele ya mashahidi, kisha mwandishi wa Mwanzo anageuka karani wa ardhi. Anaorodhesha shamba la Makpela, pango lililomo, na miti yote iliyo ndani na mipakani pande zote. Hati imekamilika. Kwa ushuhuda wa kitabu chenyewe, hicho ndicho kipande pekee cha Kanaani ambacho Ibrahimu alikimiliki kwa kununua. Mengine yote yalikuwa ahadi.

Nalisisitiza hili kwa sababu jina la Ibrahimu leo hutajwa zaidi pale watu wanapodai kumiliki kitu. Wayahudi humwita baba yao, na sala yao kuu ya kila siku huanza kwa kumtaja Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo. Wakristo, tangu barua za Paulo kwa Warumi na Wagalatia, hudai kuwa uzao wake kwa imani, si kwa damu. Waislamu humswalia katika tahiyatu, kila siku ya Mungu, na Qurani katika sura ya Aal Imran inakata shauri kwamba Ibrahim hakuwa Myahudi wala Mkristo, bali mwongofu aliyejisalimisha. Mababa wachache wamepata watoto wengi hivi, na wachache zaidi wameacha watoto wanaoulizana kwa ukali hivi nani hasa ndiye mtoto.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ndogo katika hili. Biblia ya Muungano inamwita Ibrahimu, jina lilelile lililokuwa likisikika misikitini kabla haijafasiriwa. Tafsiri nyingine zimechagua Abrahamu. Lakini mzee wa kanisa anayesoma Muungano na maalimu wa chuoni wanaweza kukaa baraza moja na kumtaja mtu mmoja kwa jina moja, wakatofautiana kwa irabu tu. Watu wa lugha nyingi hawana hata hilo.

Kuhusu kama aliishi kweli, na lini, sitakaa sana. Mwanaakiolojia Leonard Woolley alichimba Uru, mji ambao Mwanzo inasema Ibrahimu alitoka, kusini mwa Iraki ya leo, kuanzia 1922 hadi 1934, na magazeti ya wakati ule yalifurahi mno kusikia habari za nyumba za enzi za Ibrahimu. Miaka ya 1970 wanazuoni kama Thomas Thompson na John Van Seters walilimwagia maji baridi jaribio zima la kumpa tarehe. Uru unaitwa "wa Wakaldayo", ilhali Wakaldayo hawaonekani katika maandishi ya eneo lile hadi karne ya tisa kabla ya Kristo. Ngamia wake nao wanawapa taabu wachimbaji, kwani mifupa ya ngamia wa kufugwa katika Kanaani inaanza kuonekana kwa wingi mnamo karne ya kumi. Kwa hiyo simulizi, kama tulivyo nayo, iliandikwa na watu wa zama za baadaye sana wakitumia picha za zama zao. Hilo halimfuti mtu. Linatuonya tu kwamba koleo halitatupa tunachokitafuta, na kwamba tulichonacho ni kumbukumbu ya familia. Kumbukumbu za familia zina sifa moja ninayoipenda: mara nyingi hushindwa kuficha aibu.

Na aibu zimo. Mara mbili, Misri na Gerari, anamtambulisha mkewe kama dada yake ili aokoe shingo yake, na mara zote mbili Sara anachukuliwa na mfalme. Huyu ndiye mtu aliyekuwa na vijana 318 wa kupigana waliozaliwa nyumbani mwake, aliyewafukuza wafalme usiku kucha ili kumkomboa Loti, mwana wa ndugu yake. Ushujaa anao, ila haukulinda mlango wa chumba chake.

Kisha kuna Hajiri. Hapa msomaji wa pwani ana masikio ambayo mfasiri wa Ulaya hakuwa nayo. Sara hapati mtoto, anamtoa mjakazi wake Mmisri kwa mumewe, mjakazi anashika mimba, nyumba inawaka moto. Kiswahili kina neno mahususi kwa mwanamke wa namna hii: suria. Tulilihitaji neno hilo kwa sababu tulikuwa na watu hao. Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, aliacha watoto wengi waliozaliwa na masuria, na hao ndio waliokalia kiti cha Unguja baada yake. Sayyida Salme mwenyewe, binti yake aliyekuja kujulikana Ujerumani kama Emily Ruete, alikuwa mtoto wa suria wa Kicherkesi. Sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani ilisema wazi: mtoto wa suria akikubaliwa na baba ni huru, na anarithi sawa na ndugu zake wa bibi wa ndoa. Mama yake hauziki tena, na bwana akifa, mama anakuwa huru. Utumwa ulibaki utumwa, nisieleweke vibaya. Hakuna aliyemuuliza Hajiri kama anataka, na masuria wa Unguja hawakuulizwa pia. Lakini katika suala la mirathi, sheria ilikuwa upande wa mtoto.

Sasa msikie Sara katika sura ya 21, siku Isaka alipoachishwa ziwa na karamu kufanywa. Anamwona kijana wa Hajiri akicheza, au akidhihaki, kwa maana neno lenyewe la Kiebrania lina pande zote mbili. Anamwambia mumewe amfukuze mjakazi na mwanawe, kwa kuwa mwana wa mjakazi hatarithi pamoja na mwanawe Isaka. Hatarithi! Hakulalamika kwamba Ishmaeli ni mtukutu, wala kwamba Hajiri ana mdomo. Alifika moja kwa moja kwenye mirathi. Mtu wa Unguja wa karne ya 19 angelisoma neno hilo angejua papo hapo ni kesi ya namna gani, na angejua kadhi angeamua vipi.

Ibrahimu aliumia, maandiko yanasema jambo lilikuwa baya sana machoni pake kwa ajili ya mwanawe. Mungu akamwambia amsikilize Sara, na kwamba huyo mwana wa mjakazi naye atafanywa taifa. Basi mzee akaamka alfajiri, akatwaa mkate na kiriba cha maji, akamtwika Hajiri begani na kumpa kijana, akawaruhusu waende. Mkate na kiriba kimoja. Mtu mwenye kondoo, ng'ombe, punda, ngamia, fedha na dhahabu! Maji yakaisha katika nyika ya Beer-sheba. Mama akamweka mtoto chini ya kijiti na kukaa mbali kiasi cha mtupo wa mshale, asimwone akifa.

Mapokeo ya Kiislamu yanaisimulia safari hii kwa namna nyingine, na tofauti yake ina uzito. Bonde ni la Makka, lisilo na mmea. Ibrahim anawapeleka mwenyewe, na Bi Hajar anamfuata akimuuliza kwa nini anawaacha mahali pasipo mtu. Anapokosa jibu anabadilisha swali: ni Mungu aliyekuamrisha haya? Ndiyo. Basi hatatupoteza. Kisha anakimbia kati ya Safa na Marwa mara saba akitafuta maji, mpaka Zamzam inabubujika. Kila mwaka mahujaji zaidi ya milioni moja na nusu, wakiwemo wa kwetu, wanazipita nyayo hizo kwa nguzo ya ibada: matajiri, marais, maprofesa, wote wakihangaika kama alivyohangaika mwanamke mtumwa wa Kiafrika aliyepewa kiriba kimoja. Sijui ibada nyingine inayomheshimu mjakazi kiasi hicho. Wanaouliza wanawake wana nafasi gani katika urithi wa Ibrahimu waanze na mita zile mia nne na ushei, mara saba.

Sura inayofuata ya Mwanzo ni ile ya mlimani. Na hapa tena, mzee anaamka alfajiri. Mwandishi anatumia maneno yaleyale. Asubuhi moja kwa ajili ya mwana wa kwanza, asubuhi nyingine kwa ajili ya wa pili. Jangwani mtoto anakaribia kufa, malaika anaita kutoka mbinguni, mama anafumbuliwa macho na kuona kisima. Mlimani mtoto anakaribia kufa, malaika anaita kutoka mbinguni, baba anainua macho na kuona kondoo dume amenaswa kichakani. Sisi tumezoea kugombana ni nani aliyelazwa juu ya kuni. Biblia inamtaja Isaka. Qurani, katika sura ya As-Saffat, haimtaji kwa jina. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanasema ni Ismail, lakini mfasiri mkubwa kama Tabari alielekea kwa Is-haq. Ubishi huu umemaliza wino mwingi. Kwa usomaji wangu, simulizi ya Mwanzo inajibu kwa namna isiyopendeza upande wowote: wote wawili walifikishwa ukingoni, na wote wawili walirudishwa.

Kinachonisumbua zaidi ni kimya cha Ibrahimu. Kwa ajili ya Sodoma, mji usio wake, alisimama mbele ya Mungu na kupatana kama mtu wa sokoni: wakiwapo wenye haki hamsini? Arobaini na watano? Akateremka mpaka kumi. Kwa ajili ya mwanawe hakuomba hata siku moja ya ziada. Wengi huita kimya hicho kilele cha imani, nami sina ubavu wa kuwakatalia, kwani Idi ya Kuchinja inasimama juu yake na nimekula nyama yake kwa majirani tangu utotoni. Ila angalieni baada ya hapo. Mwanzo 22 inasema Ibrahimu akawarudia vijana wake wakaenda Beer-sheba. Isaka hatajwi kwamba alishuka naye. Tangu siku hiyo hakuna neno hata moja lililoandikwa kati ya baba na mwana. Hata habari za kumtafutia mke, baba anazungumza na mtumishi. Na Sara anakufa Hebroni, naye Ibrahimu anakuja kumlilia, kana kwamba hawakuwa wakiishi mahali pamoja. Mwandishi hasemi lolote juu ya haya. Ameyaacha hapo tu, kama mtu wa nyumbani anavyomwambia mgeni "baba hayupo" bila kueleza kaenda wapi.

Qurani inamfungulia upande ambao Mwanzo haina kabisa, yaani ujana wake. Mwanzo inamwita akiwa tayari na miaka 75. Qurani inamleta kijana anayeitazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kuvikataa vyote kwa kuwa vinatua. Anavunja masanamu ya watu wake na kuliacha lile kubwa, halafu anawaambia waliulize hilo. Kisa kinachofanana nacho kimo pia katika midrashi, yaani maelezo ya kale ya marabi. Anatupwa motoni, na moto unaamriwa uwe baridi na salama kwake. Nikisoma vitabu hivi viwili pamoja naona maisha ya mtu mmoja aliyeanza kwa kumpinga baba yake waziwazi, akaishia kuwa baba ambaye hakuna mtoto wake anayethubutu kumpinga.

Kama kuna urithi wa Ibrahimu ambao warithi wote wanaweza kuuchukua bila kunyang'anyana, uko katika sura ya 18. Jua kali la mchana, mzee amekaa mlangoni pa hema huko Mamre. Wanatokea watu watatu asiowajua, naye anakimbia kuwalaki. Anawaambia ataleta kipande cha mkate tu, wapumzike kidogo. Kisha anapiga mbio kwa Sara akande unga, vipimo vitatu vizima, unga wa kulisha kijiji. Anachagua ndama laini, analeta siagi na maziwa, na wakati wanakula yeye anasimama kando yao chini ya mti. Aliahidi kipande, akaandaa karamu. Na ni kwenye chakula hicho wageni wanasema Sara atapata mtoto. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakuwa wakifikiri habari za Mamre, lakini sijapata kuona methali na kisa vikilingana hivyo.

Hebroni haikulisahau hilo. Waarabu huuita mji huo al-Khalil, Rafiki, kwa lakabu ambayo Ibrahimu anayo katika Qurani na katika Biblia. Msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw alipita hapo mwaka 1047 na kuandika kwamba kila mgeni alipewa mkate, bakuli la dengu zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, na zabibu kavu. Desturi ya kupikia maskini kwa jina la Ibrahimu imeendelea karibu na kaburi lake mpaka zama zetu.

Kaburi lenyewe ndilo linalotia simanzi. Juu ya pango la Makpela kuna kuta nene za enzi za Herode. Ndani yake palikuwa kanisa, msikiti, kanisa la Wapiganaji wa Msalaba, kisha msikiti tena. Kuanzia mwaka 1266, chini ya Sultani Baybars, Wayahudi na Wakristo walizuiwa kuingia. Wayahudi waliruhusiwa kufika ngazi ya saba ya nje na kusali hapo, na hali ikabaki hivyo mpaka 1967. Agosti 1929 Wayahudi 67 waliuawa mjini humo, huku wengine wakiokolewa na majirani zao Waarabu waliowaficha majumbani. Februari 25, 1994, alfajiri ya Ijumaa ya Ramadhani, mlowezi wa Kiyahudi Baruch Goldstein aliwafyatulia risasi waumini waliokuwa wakisali ndani ya msikiti na kuwaua 29. Tangu hapo jengo limegawanywa, upande wa msikiti na upande wa sinagogi, na kila upande unapata siku kumi kwa mwaka za kulitumia lote peke yake. Kaburi la ukumbusho la Ibrahimu liko katikati. Unaweza kulitazama kutoka pande zote mbili, kupitia madirisha yenye nondo.

Aliyekinunua kiwanja hiki kwa shekeli mia nne alijiita mgeni. Wanaokilinda leo kwa bunduki hakuna anayejiita hivyo.

Wanasiasa nao wamelichukua jina. Septemba 15, 2020, Israeli, Emirati na Bahraini walitia saini huko Washington makubaliano yaliyopewa jina la Ibrahimu. Nilipoyasoma nilijiuliza kwa nini biashara, ndege na usalama vihitaji baraka za mzee wa Harani, na kwa nini Wapalestina, ambao ndio majirani wa kaburi lake, hawakuwa mezani. Zaidi kidogo naiheshimu ile Nyumba ya Familia ya Ibrahimu iliyofunguliwa Abu Dhabi mwaka 2023, yenye msikiti, kanisa na sinagogi katika majengo matatu ya ukubwa mmoja. Aliyeyachora ni David Adjaye, mtoto wa mwanadiplomasia wa Ghana aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966. Ni kazi nzuri, lakini hapo hakuna mtu anayegombea mipaka na mwingine, na amani ya namna hiyo ni rahisi.

Mzee alikufa akiwa na miaka 175. Kabla ya hapo alioa tena, mke aitwaye Ketura, akazaa naye wana sita, akawapa zawadi na kuwapeleka mashariki wasikae karibu na Isaka. Baadhi ya marabi wa kale walisema Ketura si mwingine bali ni Hajiri mwenyewe, aliyerudishwa nyumbani kwa jina jipya, na kwamba aliyekwenda kumchukua alikuwa Isaka. Haimo katika Mwanzo, lakini naelewa kwa nini waliihitaji.

Kilichomo katika Mwanzo ni hiki. Siku ya mazishi, Isaka na Ishmaeli walimzika baba yao katika pango la Makpela, shamba la Efroni, wakiwa pamoja. Aliyebakizwa na aliyefukuzwa walishika jeneza moja, kama walikuwa na jeneza, na hakuna neno la ugomvi lililoandikwa. Na mstari wa 11 unaongeza kwamba baada ya kifo cha Ibrahimu, Isaka alikaa karibu na Beer-lahai-roi. Si Hebroni kwa baba, wala Moria, kwenye ule mlima wa kisu. Ni kile kisima cha jangwani ambapo Hajiri, alipokimbia mara ya kwanza akiwa na mimba, alikutana na Mungu anayemwona, akampa jina.